Kuandika Wakati wa Giza, Kusafiri Wakati wa Mbalamwezi: Mwongozo kwa Mwandishi wa Hadithi za Ajabu Kanda ya Ziwa

Mtu anayeandika hadithi za dunia zisizokuwapo, ziwe za zama zijazo, za majini, za mizimu au za sayansi iliyovuka mipaka yake, huvutwa na kazi mbili ambazo kila moja inadai siku nzima. Mswada unamtaka akae chumbani, kwa sababu dunia ya kubuni haina mtu mwingine wa kuikumbuka isipokuwa yeye. Miamba, visiwa na barabara navyo vinamtaka atoke, kwa sababu asipotoka dunia yake itajaa vitu alivyoviazima kwenye filamu za watu wengine. Wengi hujaribu kumaliza ugomvi huo kwa kugawa wiki, Jumamosi ya kutembea na Jumapili ya kuandika, na baada ya muda mfupi hujikuta hawajafika popote: safari ya siku moja haiwafikishi mbali, na sura inayoandikwa kwa vipande vya Jumapili husahau ilikotoka. Kwa anayeishi Mwanza, au popote kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, ipo njia nyingine, nayo ni kuliachia ziwa lipange ratiba, na kutotoka nyumbani bila swali lililozaliwa ndani ya mswada wenyewe.

Tuanze na ratiba. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa kufuata mwezi. Usiku wa giza huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi nyingi zikiwa za sola, dagaa hufuata mwanga, na wavu huinuliwa chini yao. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, taa hazina tena nguvu ya kuwakusanya samaki, kwa hiyo mitumbwi hupumzika mwaloni, yaani ufukweni panaposhushwa samaki, siku kadhaa, nyavu hushonwa, hesabu hupigwa na tajiri mwenye mtumbwi, na watu hupata nafasi ya kukaa na kuzungumza. Mwandishi anaweza kuichukua kalenda hiyo na kuigeuza kichwa chini: giza liwe msimu wake wa kuandika, mbalamwezi iwe msimu wake wa kutoka. Wakati wa mbalamwezi ndipo mvuvi ana muda wa kujibu maswali ya mgeni bila kupoteza riziki, na ndipo mtu aliyepiga hema anaona njia bila kumaliza betri ya tochi. Zaidi ya hayo, tarehe za mwezi hazisogezwi. Ratiba uliyojiandikia mwenyewe ukutani utaivunja utakapochoka, lakini mwezi mpevu utakuja baada ya siku 29 na nusu hivi, uwe umemaliza sura au hukuimaliza.

Utaratibu huu una ruhusa moja ya kuuvunja. Ikiwa hadithi yako inahitaji taa zenyewe, yaani ule mstari wa mianga unaotokea usiku mahali ambapo mchana palikuwa na maji matupu, itakubidi utoke wakati wa giza. Hata hivyo hulazimiki kupanda mtumbwi kwa ajili hiyo. Panda kwenye miamba ya Capri Point au kilima chochote kinachotazama ziwa wazi, kaa na mwenzako, angalia, kisha urudi nyumbani usiku huohuo na uandike.

Juu ya kalenda ya mwezi kuna kalenda ya mwaka. Mvua za vuli huanza Oktoba na kufika Desemba, masika hushika Machi mpaka Mei, na katikati ya mwaka huja kiangazi. Rasimu ndefu, ile ya kwanza inayohitaji uvumilivu kuliko akili, iweke kwenye masika, wakati barabara za vumbi zimegeuka tope na hakuna anayekulaumu kwa kukaa ndani. Wengi wangedhani kwamba kiangazi chote basi ni cha visiwani, lakini kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini mashariki huchafua ziwa, na mimi ningeshauri miezi hiyo itumike kwa safari za nchi kavu: miamba ya mjini, Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, au lango la Ndabaka, ambalo liko kwenye barabara kuu ya Musoma na linakuingiza katika ukanda wa magharibi wa Serengeti bila kuzunguka Arusha. Visiwa viwekee Januari na Februari, mvua zinapopungua kidogo. Aliyeajiriwa ana likizo ya mwaka ya siku 28 kwa mujibu wa sheria ya kazi, na ni vema azigawe mara mbili, sehemu kubwa kwa rasimu na sehemu ndogo kwa kisiwa, badala ya kuzila zote kwa mkupuo mmoja wa safari na kurudi kazini bila ukurasa.

Sasa swali. Kabla ya kufunga mkoba, soma upya sura ulizonazo na utafute mahali ambapo ulikwepa, yaani sentensi uliyoiandika kwa ujumla kwa sababu hukujua kitu kinavyokuwa. Pale ndipo swali lilipo. Chukua moja tu. Safari yenye maswali kumi hurudi na picha za simu nyingi na majibu hafifu.

Nitoe mfano. Wanasayansi waliochimba tope la chini ya Ziwa Victoria wamebaini kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita, mwishoni mwa zama za barafu, ziwa hili lilikauka, na pale tunapoona maji leo palikuwa na nyasi, kisha likajaa tena. Halishangazi sana jambo hilo ukikumbuka kwamba ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi lakini kina chake kirefu kabisa hakizidi sana mita 80. Mwandishi anayetaka kusimulia zama zile za ukavu, au zama zijazo ambapo ziwa limekauka mara ya pili, anaweza kukaa mezani na kuandika kwamba msafiri wake "alitembea siku nyingi katika nyika kubwa". Hiyo ndiyo sentensi ya kukwepa. Swali lililo chini yake ni hili: mtu anayetembea kwa miguu kutoka Mwanza kwenda kisiwa cha Ukerewe, juu ya kitanda kikavu cha ziwa, angeongozwa na nini?

Panda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, ukiwa na swali hilo peke yake. Usikae ndani penye runinga, kaa nje upande wenye kivuli. Andika saa ambayo mwamba wa mwisho unaoufahamu wa Mwanza unaacha kuwa mwamba na kuwa doa, saa ambayo kisiwa cha kwanza kilicho mbele kinaacha kuwa doa na kuonyesha miti, na urefu wa muda kati ya hayo mawili ambapo huna chochote cha kukuongoza isipokuwa jua. Kila kisiwa unachokiona, kwa msafiri wako, ni kilele cha kilima. Ghafla unajua mambo ambayo hukuyajua asubuhi: kwamba watu wako wangezipa majina vilele hivyo kwa mpangilio wa kuonekana, kwamba wangeogopa zaidi sehemu ile ya katikati isiyo na alama, na kwamba kijiji cha kwanza kingejengwa mahali ambapo vilele viwili vinaonekana kwa pamoja. Sura nzima imepatikana kwa nauli ya meli, na bado una Ukerewe yenyewe ya kutembea, na Ukara ng'ambo yake, yenye lile jiwe linalocheza ambalo wenyeji watakupeleka ukienda kwa heshima na kumtafuta kwanza mzee anayehusika.

Kisiwa cha Rubondo kina swali la namna nyingine. Kati ya 1966 na 1969 sokwe mtu waliokuwa wakiishi kifungoni Ulaya waliletwa pale na kuachiwa msituni, na wajukuu zao wanaishi humo hadi leo bila kufugwa na mtu. Kisiwa kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Anayeandika kuhusu watu wanaorudishwa kwenye sayari ambayo babu zao tu ndio waliiacha hahitaji kubuni mengi, anahitaji kukaa kimya msituni na kusikiliza viumbe waliojifunza upya kulala mtini. Safari hiyo ina gharama, kwa sababu unakwenda kwa barabara hadi upande wa Chato au Geita na kumalizia kwa boti, kwa hiyo iwekee swali lenye uzito. Kwa maswali madogo kipo kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ambacho boti hukifikia kwa dakika chache kutoka mjini. Pimbi wa Saanane na mijusi wenye vichwa vyekundu wanatosha kwa mchana mmoja wa Jumamosi.

Kuhusu kuandika ukiwa njiani, nina msimamo ambao wengine hawaupendi: usiandike hadithi safarini. Andika kumbukumbu tu. Rasimu inayoandikwa kando ya moto wa kambi hujaa moto wa kambi. Daftari dogo na penseli vinatosha, penseli kwa sababu wino hutawanyika karatasi ikilowa, na vyote vikae ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Simu itumie kurekodi sauti, ukiikinga dhidi ya upepo kwa kitambaa, na ukifika penye mtandao jitumie rekodi hizo kwa WhatsApp au barua pepe kabla simu haijaanguka majini.

Kumbukumbu yenyewe iwe ya vitu, isiwe ya maoni. Chukulia umekwenda soko la Mwaloni pale Kirumba. Mwandishi mmoja ataandika: "Soko lina pilikapilika na harufu kali." Maneno hayo hayatamfaa miezi minne baadaye, kwa sababu yanaweza kuwa ya soko lolote. Mwingine ataandika: "Harufu ya dagaa imefika kwenye daladala kabla hatujaliona soko. Mama anapepeta dagaa kwa ungo, mchanga unadondoka kwanza, magamba yanabaki kwenye vidole vyake yanang'aa. Gunia linashindiliwa kwa mguu. Bei inatajwa kwa sauti ya chini, utani kwa sauti ya juu." Huyu wa pili ana masikio na macho ya kuhamishia katika soko la sayari yoyote atakayoibuni, hata kama bidhaa inayopepetwa huko ni mifupa ya nyota.

Ukirudi nyumbani, kaa na daftari hilo kabla hujafua nguo za safari, maana kumbukumbu za mwili huondoka haraka kuliko za akili. Hapa ndipo kazi ya kubuni inapoanza, na njia ninayoipendekeza ni kuchukua jambo moja la kweli, kulibadilisha mahali pamoja tu, kisha kufuata matokeo yake yote kwa uaminifu. Turudi kwa wavuvi wa dagaa. Tuseme katika dunia yako taa zinazowashwa juu ya maji haziwaiti dagaa, zinaziita roho za waliozama. Badiliko ni hilo moja. Lakini kwa kuwa mbalamwezi huua nguvu ya taa, basi siku za mwezi mpevu hakuna anayeweza kuwaita wafu wake, na maombolezo yanapata kalenda. Kwa kuwa mitumbwi na taa ni mali ya tajiri, basi tajiri ndiye mwenye mlango wa kuwafikia wafu, na masikini atalazimika kumfanyia kazi ili aongee na mama yake. Kwa kuwa wapo wavuvi wanaotumia zana haramu katika ziwa la kweli, watakuwapo pia wanaowasha taa kali kuliko zinazoruhusiwa, na roho zitakazokuja hazitakuwa zile zilizoitwa. Hakuna lolote kati ya hayo lililohitaji kipaji cha ajabu, yametokana na kujua jinsi kazi ya dagaa inavyokwenda, na kulijua hilo kulitokana na kukaa mwaloni wakati wa mbalamwezi.

Mfano huo unanilazimu kusema jambo zito, kwa kuwa ziwa hili lina waliozama wa kweli. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 karibu kabisa na Mwanza, na MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018. Familia za waliokufa zinaishi mitaani mwetu, na huenda mtu unayemhoji kuhusu taa ana kaka yake chini ya maji. Usitumie majina ya vyombo hivyo wala mazingira yanayotambulika kirahisi kama pambo la hadithi ya mizimu, na mtu akinyamaza ulipouliza, badilisha mazungumzo.

Uchawi unadai tahadhari kubwa zaidi, na hapa mwandishi wa Kanda ya Ziwa hana uhuru ule alionao mwenzake wa mbali. Katika mikoa yetu vikongwe wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, mara nyingi kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa miaka mingi ya kupika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Uongo huo nao ulikuwa hadithi, na ulisimuliwa vizuri kiasi cha kuaminiwa. Simkatazi mtu kuandika juu ya uchawi, lakini namtaka aangalie nani katika hadithi yake anabeba alama ya uovu. Bibi mwenye macho mekundu asiwe mchawi kwa sababu ya macho hayo. Mhusika mwenye ualbino asiwe hirizi, wala malaika, awe mtu mwenye kazi na hasira na deni la duka. Ukihitaji kitisho, mtengenezee sura ambayo msomaji hataikuta kwa jirani yake.

Usalama wa mwili nitauzungumzia kwa ufupi, isipokuwa hali ya hewa, ambayo inafaa kueleweka kwa undani kwa sababu ina manufaa mezani pia. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu ukisukuma mawingu juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo huteremka kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji, hewa hukosa pa kwenda isipokuwa juu, na mawingu ya radi huumbika katikati ya ziwa. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku na alfajiri wakati mji umelala. Kwa hiyo usikubali kuvushwa kwa mtumbwi mdogo usiku hata ukihakikishiwa kwamba anga ni shwari, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaotaja Ziwa Victoria, na vaa jaketi okozi mwilini, usilikalie. Nahodha akisema leo hatutoki, usimwongezee pesa ili atoke.

Yaliyobaki ni haya. Kichocho kipo katika maji ya kingo, hasa penye matete na konokono, kwa hiyo usioge wala kutembea majini hapo, na ikitokea umelowa, nenda ukapime wiki kadhaa baadaye, kwa kuwa dawa yake ipo na inapatikana. Lala ndani ya chandarua. Jioni usikae kwenye ukingo wenye nyasi, kwa sababu ya kiboko na mamba. Miamba ya Mwanza huteleza sana baada ya mvua na huunguza mikono saa sita mchana, basi ipande asubuhi ukiwa na viatu vya soli ya mpira.

Mwisho kuna suala la tarehe za wengine. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Safal inayopokea miswada ya Kiswahili kutoka nchi mbalimbali, kila moja ina siku yake ya kufunga, na siku hiyo haijali mwezi. Ukiona imeangukia ndani ya mbalamwezi, futa safari ya mwezi huo mapema na uwaarifu wenyeji wako, maana watu wa kambi za wavuvi huandaa mahali pa mgeni na si adabu kuwaacha wakingoja. Giza linalotangulia litumie kwa masahihisho tu. Chapisha mswada kwenye karatasi, chagua kurasa zinazohusu maji, nyavu, upepo na vyombo, na umsomee kwa sauti mtu anayefanya kazi hiyo, nyumbani kwake, saa ambayo yeye ameitaja. Usimweleze kwanza kwamba ni hadithi ya mizimu. Pale atakapokukatiza, weka alama pembeni kwa penseli na umwache aongee mpaka amalize, kisha endelea na aya inayofuata. Kurasa za mapenzi na za falsafa mpelekee msomaji mwingine.